SOMO LA JUMUIYA: NGUVU YA IMANI INAYOSEMWA



Somo letu la safari hii linahusu kitu kidogo ambacho kila mtu anacho, tajiri kwa maskini, aliyesoma na asiyejua kuandika jina lake. Kitu hicho ni ulimi. Tutaangalia jinsi Mkristu anavyoisema imani yake: katika sala, katika ahadi, nyumbani na mbele ya watu. Tutajibu pia swali ambalo kina mama wa jumuiya huniuliza mara kwa mara tunapotembelea wagonjwa: "Mhubiri amesema nikikiri kwamba nimepona, nitapona. Sasa nikiendelea kumeza dawa, si ni kuonyesha kwamba sina imani?"

Hili si swali la mchezo. Jibu lake linaweza kumfanya mtu aishi au afe.

LENGO LA SOMO: Tukimaliza, kila mwanajumuiya aweze kueleza kwa nini imani husemwa kwa sauti, aweze kutofautisha neno la imani na neno linalojificha nyuma ya imani, na aondoke na ahadi moja atakayoitimiza.

MUDA: Saa moja na nusu. Muwe na Biblia moja au mbili. Kiongozi asisome somo hili kama risala. Asimame baada ya kila sehemu, awaache watu wazungumze.

1. KWA NINI TUSEME? SI MUNGU ANAIJUA ROHO?

Kuna Wakristu wanaosema, "Mimi imani yangu iko moyoni, Mungu anaiona." Ni kweli Mungu anaona moyo. Lakini Mtakatifu Paulo, katika Warumi 10:9-10, anaweka moyo na kinywa pamoja: kwa moyo mtu anaamini, na kwa kinywa anakiri. Hakuchagua kimoja na kuacha kingine.

Angalieni sakramenti zetu. Katika Ubatizo, maji peke yake hayatoshi. Lazima maneno yatamkwe. Kabla ya maji, mtu mzima anaulizwa kama anamkataa shetani, na ni lazima ajibu kwa mdomo wake. Katika Kitubio tunataja dhambi zetu, na padre anatamka maondoleo. Katika Ndoa, kadiri ya mapokeo yetu ya Kilatini, bibi na bwana ndio wanaopeana sakramenti hiyo kwa kutamka ridhaa yao, padre akiwa shahidi kwa niaba ya Kanisa. Hata unapokwenda kupokea Komunyo, padre anakuonyesha Hostia, nawe unajibu "Amina" kabla ya kupokea.

Kwa nini Kanisa linasisitiza hivyo? Sababu moja ni kwamba neno likishatamkwa mbele ya watu, limetoka mikononi mwako. Wengine wamelisikia. Wanaweza kukukumbusha. Waswahili wanasema ahadi ni deni. Nia iliyo moyoni unaweza kuibadilisha usiku na kesho hakuna atakayekuuliza. Lakini bwana harusi aliyesema "ndiyo" mbele ya parokia nzima, wazee wote wa pande mbili ni mashahidi wake.

Wazee wetu wa zamani walijua jambo hili hata kabla ya wamisionari kufika. Baraka ya mzee ilitafutwa, na laana yake iliogopwa. Maneno ya mtu anayekaribia kufa yaliwekwa na watoto wake kama urithi. Injili haikuja kutuambia kwamba maneno ni upepo. Ilikuja kutufundisha yatumike kwa nani na kwa jambo gani.

2. WANNE WALIOSEMA

Sasa tuwaangalie watu wanne wa Biblia. Mkipenda, mgawanyike makundi manne, kila kundi lisome habari ya mmoja.

Ruthu (Ruthu 1:16-18). Mjane huyu Mmoabu alimwambia mama mkwe wake Naomi kwamba hatamwacha: watu wa Naomi watakuwa watu wake, na Mungu wa Naomi atakuwa Mungu wake. Maneno matamu sana, huwa tunayasikia hata harusini. Lakini fungueni sura ya pili muone alikuwa wapi baada ya hapo. Alikuwa shambani kwa watu, kwenye jua, akiokota masazo ya shayiri ili yeye na mama mkwe wapate chakula. Neno lake lilimpeleka shambani.

Vijana watatu wa Babeli (Danieli 3:17-18). Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa na tanuru ya moto. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini wao waliendelea kusema kwamba hata asipowaokoa, hawataiabudu ile sanamu. Hiyo "hata asipo" ndiyo imani. Hawakumpangia Mungu la kufanya. Walisema wao watafanya nini.

Zakayo (Luka 19:8). Huyu alikuwa mtoza ushuru. Alisimama mbele ya watu akasema atatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kama amemdhulumu mtu atamrudishia mara nne. Oneni jamani, Zakayo alitaja hesabu! Hakusema, "Nitawakumbuka maskini Mungu akinijalia." Alisema nusu, akasema mara nne. Kuanzia siku hiyo maskini yeyote wa Yeriko angeweza kubisha mlango wake na kumuuliza.

Petro (Luka 22:33 na Yohane 21:15-17). Petro aliapa kwamba yuko tayari kwenda na Bwana gerezani na hata kufa. Usiku ule ule alimkana mara tatu. Bwana alipofufuka alimuuliza mara tatu kama anampenda. Petro alijibu ndiyo, na kila alipojibu alipewa kazi: kulisha na kuchunga kondoo. Yesu hakumwambia, "Vizuri, nimefurahi kusikia hivyo." Neno la upendo lilipewa kazi papo hapo.

Mmeona wanne hawa wanafanana wapi? Kila mmoja, alipofungua kinywa kusema imani yake, alijitwika mzigo yeye mwenyewe. Na hata Petro aliyeanguka alirudishwa kwa neno lenye kazi ndani yake.

3. NANI ANALIPA?

Hapo ndipo tunapata kipimo chetu, na ningependa kila mtu akikariri kama anavyokariri Salamu Maria: neno la imani humgharimu anayelisema. Ukisikia neno la dini ambalo gharama yake yote inabebwa na anayesikia, wakati aliyelisema halipi chochote au anapata faida, simama kwanza uulize.

Mhubiri akisema, "Panda mbegu ya shilingi elfu tano, Mungu atakufungulia," nani analipa? Wewe. Usipofunguliwa, utaambiwa nini? Kwamba imani yako ni haba. Kwa hiyo yeye hawezi kukosea kamwe, na wewe huwezi kushinda. Ayubu alikuwa na marafiki wa namna hiyo. Walizungumza mambo ya Mungu sura baada ya sura, wakimwambia mgonjwa kwamba shida iko kwake. Mwishoni (Ayubu 42:7) Mungu mwenyewe aliwakasirikia kwa kuwa hawakusema vizuri juu yake, kama Ayubu aliyekuwa akilia na kulalamika.

Wengine watakuletea Marko 11:23, pale Yesu anaposema juu ya mtu anayeuambia mlima ung'oke ukatupwe baharini. Ni neno la Bwana na hatulikatai. Lakini usifunge Biblia haraka. Mstari wa 25 unasema mnaposimama kusali, sameheni kama mna neno juu ya mtu. Basi kabla hujauamuru mlima wa madeni au wa ugonjwa, kuna jirani ambaye hamjasalimiana tangu mgombanie mpaka wa shamba. Mlima wa kwanza ni huo, na gharama yake ni yako.

Mtume Paulo mwenyewe alikuwa na mwiba mwilini. Anasimulia katika 2 Wakorintho 12:7-9 kwamba alimsihi Bwana mara tatu aondolewe. Hakuondolewa. Aliambiwa neema inamtosha. Je, nani kati yetu atasema Paulo hakujua kukiri imani?

4. MGONJWA NA DAWA YAKE

Sasa turudi kwa swali la yule mama.

Kanisa linawaombea wagonjwa, tena kwa sauti na kwa kuwagusa. Yakobo 5:14-15 inatuagiza tuwaite wazee wa Kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Ndipo tunapata Mpako wa Wagonjwa. Wapo waliopona kwa namna ambayo daktari hakuweza kueleza, na tunamshukuru Mungu. Lakini Biblia hiyo hiyo, katika Yoshua bin Sira sura ya 38, inasema tumheshimu daktari kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba, na dawa hutoka katika ardhi aliyoiumba Bwana. Inatufundisha mgonjwa asali, kisha ampe daktari nafasi yake. Sala na kliniki hazikuwekwa zigombane.

Hebu tuangalie jinsi ugonjwa unavyofanya kazi, maana ujinga ndio unaotumaliza.

Kifua kikuu (TB) cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Mgonjwa akianza dawa, baada ya wiki kadhaa kikohozi kinapungua, uzito unarudi, anaweza hata kwenda shamba. Anaonekana amepona. Kumbe vijidudu bado viko, vimepungua tu. Akiacha dawa kwa sababu ametangaziwa uponyaji, vile vilivyobaki vinaweza kuzaliana vikiwa sugu, na sasa dawa ile ile haivigusi. Anawaambukiza wa nyumbani TB ambayo ni ngumu zaidi kutibu.

Virusi vya UKIMWI ni hivyo hivyo. Mtu anayemeza dawa za kupunguza makali kila siku anaweza kufikia mahali ambapo kipimo hakivioni tena virusi katika damu yake. Akibaki hapo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono, na anaweza kuishi akalea wajukuu. Lakini kutoonekana si kuisha. Virusi vimejificha mwilini, na dawa ikiachwa vinaamka. Kwa hiyo mtu akileta karatasi ya kliniki kanisani, ionekane kwamba virusi havionekani, tupige makofi tumshukuru Mungu. Na kesho asubuhi ameze kidonge chake.

Basi yule mama aambiwe nini? Aambiwe kwamba kumeza dawa kunaweza kuwa sala inayosemwa kwa mikono. Akishika kidonge chake aseme kwa sauti, "Bwana, ninakutumaini, na ninaipokea dawa hii kama zawadi yako." Hilo ni neno la imani, kwa sababu linamgharimu: kuamka saa ile ile, kwenda kliniki, kuvumilia macho ya watu kwenye foleni. Anayemwambia aache dawa hatakuwepo usiku akizidiwa. Jumuiya ndiyo itakayotafuta gari.

Tusifikiri hatari hii ni ya mbali. Mwaka 2023 nchi yetu ilishuhudia miili zaidi ya 400 ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Walionusurika walieleza kwamba walifundishwa kufunga kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwa kati ya waliokufa. Yale yalikuwa maneno ya dini, yakasikizwa na watu waliompenda Mungu. Tujiulize daima: nani analipa?

5. ULIMI NA JIRANI

Imani inayosemwa haiishii kwenye ugonjwa. Sisi Wakenya tumeona jinsi neno moja linavyoweza kuchoma nyumba. Mapigano ya kikabila yaliyoanza Meteitei, Nandi, mwezi wa Oktoba 1991 yalienea sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Watu waliokaa na majirani kwa miaka waliitwa "madoadoa", yaani alama zisizotakiwa kwenye nguo safi. Ukishamwita mtu doa, unachobaki nacho ni kutafuta sabuni. Neno hilo lilisikika tena katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano (NCIC) ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki.

Na wengi waliolitumia walikuwa wamebatizwa. Kinywa kilichoitika "Amina" Jumapili kilisema "madoadoa" Jumatatu. Yakobo 3:9-10 alituonya kuhusu ulimi huo huo kumbariki Mungu na kumlaani mtu aliyeumbwa kwa mfano wake.

Lakini wapo waliosema imani yao siku hizo, na ikawagharimu. Maaskofu wetu wa Kenya walitoa barua ya kichungaji Machi 1992 kuhusu mapigano yale, wakidai haki na mapatano. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa wa Nakuru wakati huo, alisimama waziwazi na waliofukuzwa makwao. Padre John Anthony Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill aliyekuja Kenya mwaka 1964, aliishi na wakimbizi wa ndani huko Maela. Mwaka 1999 alikwenda mbele ya Tume ya Akiwumi akatoa ushahidi wake kwa mdomo, akiwataja wakubwa. Tarehe 24 Agosti 2000 alikutwa ameuawa kando ya barabara karibu na Naivasha. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2007 ulisema hakujiua, aliuawa.

Hatuulizwi sote kufanya kama Padre Kaiser. Lakini sote tuko kwenye matatu, sokoni na kwenye kikundi cha simu wakati kabila fulani linatukanwa. Kusema tu, "Hapana, huyo ni jirani yangu, usimwite hivyo," ni Nasadiki fupi. Inaweza kukupotezea rafiki. Ndiyo maana ina uzito.

Na nyumbani je? Mtoto anayeambiwa kila siku "wewe ni bure kabisa" anakua akiliamini neno hilo. Baba anayeweka mkono kichwani pa mtoto kabla hajaenda shule na kumwombea baraka, amemwekea akiba. Baraka hiyo nayo ina gharama: baba hawezi kumbariki asubuhi na kunywa karo yake jioni.

6. JUMUIYA YETU IFANYE NINI?

Tangu mikutano ya maaskofu wa AMECEA ya 1973 na 1976, Kanisa la Afrika Mashariki limeweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu kuwa msingi wa uchungaji wetu. Wengi wetu tunatumia zile hatua saba zilizotayarishwa na Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili, kurudia kwa sauti maneno yaliyotugusa, kukaa kimya, kushirikishana, kujadili kazi, na kusali pamoja.

Tazameni mpango wake. Katika hatua ya tatu hata nyanya asiyejua kusoma anaweza kulirudia neno alilosikia, na sauti yake ni sawa na ya mwalimu. Lakini hatua ya sita ndiyo jumuiya nyingi huiruka, eti saa zimekwenda, chai inapoa. Tukiruka hatua ya sita tunakuwa kama yule wa Yakobo 2:15-16 anayemwambia ndugu aliye uchi aende kwa amani akaote moto, bila kumpa nguo.

Kwa hiyo napendekeza desturi moja. Mtu akiomba kwa sauti, "Bwana, msaidie yule mjane ambaye nyumba yake inavuja," mwenyekiti asubiri Amina, kisha aulize maswali matatu kwa upole: Nani atakwenda? Siku gani? Atabeba nini? Katibu aandike. Wiki inayofuata, kabla ya kusoma Injili, aliyeahidi aeleze alivyofanya. Akishindwa, asiaibishwe, asaidiwe. Petro naye alipewa nafasi ya pili. Kama vile kwenye chama tunavyohesabu michango mbele ya kila mtu, tuhesabu na maneno yetu. Baada ya miezi michache mtaona sala zinakuwa fupi kidogo, na mabati yanaongezeka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni neno gani la imani uliwahi kuambiwa na mtu ambaye lilimgharimu? Lilikusaidiaje?
2. Katika mtaa wetu, je, kuna mtu aliyeacha dawa kwa sababu ya mahubiri? Bila kumtangaza, nani anaweza kumtembelea na kumsindikiza kliniki?
3. Ni majina gani ya dharau tunayotumia kwa kabila, dini au hali ya jirani zetu? Tutayaachaje?
4. Mlima wako wa Marko 11:25 ni nani?

AZIMIO

Kabla ya sala ya mwisho, kila mmoja aseme kwa sauti ahadi moja ndogo, yenye siku na yenye hesabu, kama Zakayo. Wengine waitikie "Amina", maana yake: tumesikia, na tutakusaidia kuitimiza. Katibu asifunge kitabu kabla ya mtu wa mwisho.

Mungu awabariki katika kazi na katika maneno yenu.